Mkono wa Gauni la Leokadia

Vijana wangu mnaojifunza kushona,

Mwalimu wenu aliniomba nije chuoni nizungumze nanyi kuhusu kazi. Nilimwambia kwamba magoti yangu hayapatani na ngazi zenu, na nikisimama mbele ya watu wengi sauti inakatika. Kwa hiyo nimeona niandike, naye atawasomea.

Nimeshona nguo hapa Sumbawanga zaidi ya miaka arobaini, karibu yote kwenye baraza la duka moja la vitambaa karibu na soko. Kwenye mashine mmenizidi. Mnazo cherehani za umeme, mnayo overloku ya kufunga kingo, na mteja anawatumia picha ya gauni kwa simu akiwa Matai. Mimi nilianza na cherehani ya miguu na pasi ya mkaa, pasi ambayo ukizubaa kidogo inatema cheche juu ya shati jeupe la mtu. Nilishawahi kumtobolea mwalimu mkuu suruali mahali pa kukalia, siku moja kabla ya kikao cha wazazi. Makosa ya namna hiyo mtayafanya na mtayazoea. Kiraka kipo, na mteja akitulia mnacheka wote.

Yako mengine hayana kiraka. Hayo nimeyafanya kwa kalamu na kwa mdomo.

Aliyenifundisha kukata ni Bi Mwajuma, mke wa mwenye duka. Ukoo wao ni wafanyabiashara wa siku nyingi hapa mjini, wenye maduka na malori, na angeweza kukaa nyumbani akahudumiwa. Lakini alipenda mkasi. Alikuwa akikitazama kitambaa mezani kabla hajakigusa, kimya, kama mtu anayesoma barua. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: "Dismas, namba za mwili wa mtu ni siri yake. Usizitaje kwa sauti kama unanadi mitumba." Kwa hiyo yeye alipima wateja wanawake nyuma ya pazia na kunitajia namba kwa sauti ya chini, nami nikaandika kwenye daftari.

Namba tulizificha vizuri. Majina ndiyo tuliyoyaharibu. Daftari lile liliandikwa na mimi, na niliandika watu kama nilivyowakumbuka: "Mama mnene wa Kizwite." "Mwalimu mrefu." "Kiwete wa Kasesya, suruali mbili."

Huyo wa Kasesya alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akivusha bidhaa mpakani. Alitembea kwa magongo mawili, haraka kuliko mimi. Siku ya kuja kujaribu suruali zake nilikuwa nampima mtu mwingine, na daftari lilikuwa wazi juu ya meza. Alilisoma akiwa amesimama upande wa pili, maandishi yakiwa kichwa chini miguu juu kwake.

"Fundi," aliniambia, "siku ile uliniuliza jina. Nilikutajia nini?"

Nilibaki nimeshika futi shingoni kwa mteja. Sikukumbuka.

"Naitwa Nolasco," alisema. "Nilikuona unaandika, nikajua umeandika Nolasco."

Hakugombana. Aliomba suruali zake kama zilivyo, bila pindo, akazikunja, akaziweka kwenye mkoba wake na kuondoka. Nilimfuata hadi barabarani nikimwita kaka, kaka, samahani. Alinijibu kwa upole kwamba ana gari la kuwahi. Hakurudi tena, na sikuwahi kujua ni nani alimpindia suruali zile.

Tangu siku hiyo niliandika majina. Nilijiona nimekuwa mtu mpya. Sikujua kwamba nilikuwa nimerekebisha mstari wa kwanza tu wa ukurasa.

Sasa niwaambie habari ya Leokadia.

Alikuja mwezi wa sita, baada ya mavuno, wakati wa harusi na wakati wa baridi. Nyinyi wa huku mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita. Vidole vinakataa kushika sindano hadi jua lipande. Alitoka Mwimbi. Alikuwa mkulima na msusi wa vikapu, binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye maneno machache na macho yanayotulia juu ya kitu mpaka yamalize. Alileta kitambaa cha satini nyeupe na lesi, akasema anaolewa baada ya wiki tatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeishia chini kidogo ya kiwiko. Alizaliwa hivyo.

Bi Mwajuma alimpeleka nyuma ya pazia. Mimi nilikaa na daftari upande wa pili. Niliandika Leokadia, kwa herufi nzuri, nikafurahi mwenyewe. Namba zikaanza kuja: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kisha Bi Mwajuma akataja inchi za mkono wa kushoto na kunyamaza. Nikauliza kupitia pazia, kama mtu anayeuliza bei ya vifungo:

"Na ule mkono mbovu?"

Leokadia akajibu, si kwa hasira.

"Fundi, huu mkono haujawahi kuharibika. Kitu kibovu ni kile kilichokuwa kizuri kikaoza, au kilichokuwa kinafanya kazi kikakwama. Huu unafanya kazi tangu nizaliwe. Andika kushoto na kulia."

Nilikuwa nimeshaandika "mzima" mbele ya namba ya mkono wa kushoto. Bi Mwajuma akatoa kichwa nje ya pazia, akanitazama.

"Futa, Dismas," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Hata mimi ningeandika hivyo hivyo."

Nilifuta. Nikaandika kulia, kushoto. Maneno mawili ambayo nilikuwa nayatumia kwa watu wengine wote bila kufikiri. Kwa miaka yote ile, mtu aliyekuja na kiungo tofauti nilimgawa kwenye daftari langu upande mzima na upande mbovu, kama gunia la viazi linalochambuliwa.

Mngedhani nilielewa. Neno nililirekebisha, lakini wazo lilibaki kichwani lilivyokuwa. Kwa wiki tatu zile nililishona gauni lile kwa moyo wangu wote, na nilikuwa nafikiria jambo moja: jinsi ya kumficha. Nilimhurumia. Nilijiambia kwamba siku ya harusi kila mtu atamkodolea macho, na kwamba mimi, fundi, ninao uwezo wa kumwokoa. Nikamshonea mikono mirefu miwili inayolingana. Wa kulia niliujaza pamba kuanzia chini ya kiwiko, nikaukunja kidogo ili uonekane umetulia tumboni, na mwisho wake nikashonea glavu nyeupe iliyojazwa vidole vyote vitano. Niliushona mistari miwili, mishono midogo ya karibu karibu, ili usije ukafumuka kanisani.

Bi Mwajuma aliuona umening'inia.

"Amekuagiza hiki?"

"Hapana. Itakuwa zawadi."

"Umemuuliza?"

"Ukimwuliza haitakuwa zawadi tena, Bi Mwajuma."

Alinyamaza, akarudi kwenye mashine yake. Baadaye sana aliniambia kwamba alijilaumu kwa kunyamaza kule kuliko nilivyojilaumu mimi kwa kushona.

Leokadia alikuja siku moja kabla ya harusi, kabla ya saa sita mchana. Gari la kumrudisha lilikuwa linaondoka saa kumi jioni. Aliingia nyuma ya pazia, akalivaa gauni, akatoka. Alijitazama kwenye kioo kirefu cha duka. Mimi nilisimama pembeni nikisubiri kushukuriwa, na hilo naliandika hapa ili mjue nilivyokuwa.

Aliunyanyua mkono. Ule uliojazwa pamba ukaning'inia, na vidole vya glavu vikayumba. Alirudi nyuma ya pazia, akavaa nguo zake, akatoka na gauni begani.

"Fundi, naomba wembe."

"Niache nikufumulie mimi."

"Naomba wembe."

Nilimpa. Akakaa kwenye kigoda, akautandaza ule mkono wa gauni juu ya paja lake la kulia. Kwa ncha ya mkono wake mfupi alikandamiza kitambaa, kwa meno akavuta upande wa pili mpaka mshono ukakaa wazi, na kwa mkono wa kushoto akaanza kukata uzi. Mmoja mmoja. Wembe uligusa uzi tu, haukugusa satini.

Wanangu, mnaijua satini. Mnajua jinsi inavyoteleza, na jinsi uzi wake mmoja ukivutika mstari unakimbia hadi chini na nguo imekwisha. Mimi nikifumua satini naibana mezani, naivuta kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine, na bado huwa nazuia pumzi. Yeye alikuwa akihema kama mtu anayechambua mchele. Baada ya kila mishono michache alihamisha ile ncha ya mkono mbele kidogo, akaweka kitambaa sawa, akaendelea. Niliona kwamba ncha ile ilikuwa inahisi. Ilikuwa inaujua mvutano wa kitambaa kuliko vidole vyangu kumi. Bi Mwajuma alisimamisha mashine. Mteja mmoja aliyekuja kununua vitenge alisimama na kitambaa mkononi akasahau alilotaka kuuliza. Nilijiona mdogo, na wakati huo huo nilijisikia nimepata bahati, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa chumba ambacho hakujua kipo ndani ya nyumba yake.

Alipomaliza mstari wa pili alitoa pamba yote akairundika mezani. Ilikuwa kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Juu yake akaweka glavu.

"Hii mpe mwenye baridi," alisema, na hapo ndipo alipotabasamu kidogo.

"Nilitaka upendeze, dada."

"Najua, fundi. Ningejua ulitaka kunidhihaki ningeondoka na gauni langu. Lakini kesho nitakata keki. Nitambeba mtoto wa dada yangu. Nitamshika mume wangu, na yeye ananijua kwa mkono huu. Huu wako wa pamba haushiki kitu."

Niligeuza gauni, nikakagua kila inchi. Hapakuwa na uzi hata mmoja uliovutika.

Ndipo nikamwuliza lile swali nililopaswa kuuliza wiki tatu nyuma. "Unataka mkono uishie wapi?"

Akachukua chaki yangu, akaweka ncha ya mkono wake juu ya kitambaa, akachora mstari mwenyewe. "Hapa. Ngozi itokeze kidogo. Na uweke lesi kama ya kule kushoto."

Tulikuwa na saa nne. Bi Mwajuma alimpima upya, safari hii na mimi nikiwapo kwa ruhusa ya Leokadia, na tukagundua kosa lingine lililofichwa na pamba. Bega lake la kulia lilikuwa nene kuliko la kushoto. Mkono ule ulikuwa unafanya kazi nyingi: kukandamiza, kubeba, kusukuma, na kazi yote ilikuwa inatoka begani. Mimi nilikata makwapa ya gauni yote mawili sawa kwa sababu nilidhani mkono mfupi ni mkono dhaifu. Tulilifungua kwapa, tukaongeza kipande, tukashona tena. Saa tisa na nusu lilikuwa tayari, limepigwa pasi. Alilikunja kwenye shuka, akalipachika chini ya ule mkono mfupi kama kitu chepesi, akasema, "Njooni harusini," akaondoka kuwahi gari.

Kabla sijawaeleza ya harusi, niwape kwanza machache ya kazi, maana mwalimu wenu alisisitiza.

Baada ya Leokadia nilianza kuuliza, na kuuliza kulinifundisha mambo ambayo hayapo kwenye vitabu vya kukata. Mtu anayetembea kwa magongo, shati lake linapanda juu kila anapoweka gongo. Mwongezee inchi mbili kwa chini na uweke bitana kwapani, maana hapo ndipo panapochanika. Anayetumia kiti cha magurudumu, suruali yake ipandishe nyuma kiunoni na uishushe mbele, na mifuko iweke juu ya mapaja, kwani ya nyuma anaikalia tu. Mzee mmoja asiyeona aliniomba nimfungie fundo dogo la uzi ndani ya ukosi, moja kwa shati jeupe, mawili kwa la bluu, ayatofautishe kwa kugusa. Mama aliyeleta mwanawe mwenye ualbino alitaka mikono mirefu na ukosi wa kusimama, na kofia yenye ukingo mpana pande zote, hata nyuma, kwa sababu ya jua. Hawa wote nilikuwa nawashonea kabla bila kuwauliza, na wote walikuwa wakienda na nguo zisizowafaa wakiniambia ahsante.

Kwenye maneno pia nilijifunza, na mara nyingine nilipitiliza. Nilipoanza kazi watu walisema kilema, na hakuna aliyeshtuka. Baadaye tukaambiwa tuseme mlemavu. Siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, na mimi nalipenda hilo kwa sababu mtu anatangulia. Zeruzeru ni neno la kuachwa kabisa. Limewaletea watu mateso. Na acheni kusema "watu wazima" au "watu wa kawaida" mkimaanisha wasio na ulemavu, maana mtu anayewasikiliza atajiuliza yeye ni nani basi.

Lakini nilipofika hapo nikadhani kila neno la zamani ni baya na kila neno refu ni zuri. Akaja kijana anaitwa Masanja, wa familia ya Wasukuma wafugaji waliohamia bonde la Rukwa. Alikuwa hasikii, na aliandika vizuri. Nikaandika kwenye daftari, kwa heshima zote: "Masanja, ndugu mwenye changamoto ya kusikia." Alisoma, akanyoosha mkono kuomba kalamu, akakata maneno yote, akaandika: "Kiziwi. Sina changamoto. Wewe ndiye hujui lugha yangu."

Bi Mwajuma alicheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio. Masanja akatueleza kwa maandishi kwamba wao wenyewe wanajiita viziwi na hawaoni aibu, wana lugha yao ya alama, na neno linalowaudhi ni bubu. Akatufundisha alama chache: suruali, inabana, kesho. Ya kesho aliirudia mara tatu akinionyesha kidole, kwamba hiyo ndiyo mafundi wanaitumia zaidi. Mimi akanipa jina kwa alama: mikono miwili inashuka kutoka shingoni, kama futi linavyoning'inia. Hadi leo nikikutana na rafiki zake mjini wananiita hivyo, nami nageuka.

Kwa hiyo sitawapa orodha ya maneno mkaikariri. Mimi ni fundi cherehani, na maneno yataendelea kubadilika nikiwa sipo. Ulizeni jina kwanza, liandikeni. Ikiwa kuna haja ya kutaja ulemavu, mwulizeni mwenyewe anautajaje. Mara nyingi hakuna haja. Sisi tunapima kulia na kushoto.

Harusini tulikwenda, mimi na Bi Mwajuma, asubuhi yake, tumejifunika masweta na yeye amejitanda kanga mbili juu ya mtandio. Kulikuwa na ukungu njia nzima. Kanisa la Mwimbi lilikuwa limejaa, tukapata nafasi nyuma, karibu na mlango.

Leokadia aliingia akiwa na baba yake upande wa kushoto. Mkono wa kulia alikuwa ameushusha tu, wazi, lesi imezunguka pale alipochora, ngozi imetokeza kidogo. Nilisikia mama mmoja mbele yetu akimnong'oneza mwenzake kwamba wangemtupia hata mtandio. Mwenzake alikuwa anatazama tu. Wengi walikuwa wanatazama, na nilichokihofia wiki tatu nzima kikatokea mbele ya macho yangu, na hakikuwa kibaya. Walimtazama wakaona bibi harusi. Vigelegele vikaanza upande wa wanawake, vikazunguka kanisa zima.

Baada ya ibada tulikaa uani kwao. Alikata keki, akaishikilia sahani kwa mkono wa kulia dhidi ya kiuno na kulisha watu kwa wa kushoto, na hakuna kilichodondoka. Bega lile likasogea ndani ya satini bila kukwama. Nililiangalia bega lile kuliko nilivyoangalia kitu kingine chochote siku hiyo.

Kulikuwa na bibi mzee amekaa kwenye mkeka, na Leokadia alipopita karibu naye, bibi akamvuta, akaushika ule ukingo wa lesi kati ya vidole vyake na kuugeuza ndani nje, kama wanavyofanya watu wanaojua nguo. Kisha akauliza aliyeshona. Wakanionyesha. Nikaenda nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiwe fundi?"

"Ndiyo, bibi."

Alizungumza Kifipa, nami nawaandikia kwa Kiswahili. Alisema, "Huyu nimemlea mimi. Sare za shule, nguo za Pasaka, masweta, zote nilimvisha mimi. Kila nguo niliyomnunulia nilikunja mkono mmoja nikaubana kwa pini. Kila nguo, tangu ananyonya. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona amevaa ya kwake."

Alisogea kidogo kwenye mkeka ili nipate mahali, nikakaa pembeni yake, tukaendelea kumtazama.